Haikuwa Chai

Siku Neema alipokuja hospitali kuchukua vitu vya mama yake, aliinama akatoa themosi nyekundu chini ya kitanda, akaifungua, akanusa.

"Hii ni nini, dada?"

"Ni chai," nikasema.

Haikuwa chai. Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute daftari hili. Naitwa Hadija, nina miaka ishirini na tatu, ni fundi wa cherehani hapa Kamembe. Shule niliiachia mwaka wa tatu wa sekondari. Nimepona kifua kikuu sugu. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba unao ugonjwa huo huo, na sasa umekaa kwenye benchi, kikopo cha makohozi mkononi, unaona aibu. Usione aibu. Ila nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya habari hii kuna mtu amekufa, na mkono wangu umo.

Nilianza vidonge mwezi wa kumi, mvua za umuhindo zikiwa zimekolea. Kabla ya hapo nilikohoa kiangazi kizima, na nyumbani sote tukasema ni vumbi la vitambaa. Nilipewa dawa za kifua cha kawaida, zikashindwa. Daktari akasema changu ni sugu, kinataka dawa nyingine, miezi tisa, na miezi ya mwanzo nitalala hospitali.

Miezi tisa! Nikacheka. "Basi nikitoka nitakuwa na mtoto," nikamwambia.

Daktari hakucheka. Mama naye hakucheka. Mimi ndivyo nilivyo, nikiogopa nacheka, na nikicheka naanza kuota. Pale pale nilishaiona siku ya kutoka: nimevaa gauni nililolishona mwenyewe, rangi ya samli, vifungo ishirini mgongoni, na mtaa mzima umesimama milangoni kunitazama.

Jengo letu lilikuwa la mwisho kabisa, nyuma ya mahali pa kufulia, madirisha wazi hata mvua ikinyesha. Kila asubuhi nesi Claudine alikuja na sinia la vidonge. Humezi ukiwa peke yako. Anasimama mbele yako, unameza, halafu anasema, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Nilijiona kama ng'ombe anayekaguliwa meno sokoni. Baada ya wiki tatu nilikuwa nafungua mdomo kabla hajasema.

Kila mwezi tulipeleka kikopo. Unatoka nje, unageukia upande upepo unakoelekea, unakohoa mpaka mbavu zinalia, halafu unakaa kwenye benchi la maabara na wenzako, kila mmoja ameshika chake. Huko ndiko nilikojifunza kwamba binadamu atashindana hata kwa makohozi. "Ya leo ni nzuri, nzito," mzee mmoja wa Gikundamvura alikuwa anasema, na kweli alikuwa anaringa.

Mwili ulinigeuka. Dawa moja ilinitia weusi usoni, si weusi wangu, weusi wa sufuria ya maharage. Mama alisimama nje ya dirisha akanitazama kwa muda, akauliza, "Mwanangu, nani amekupaka?" Dawa nyingine ikaniwasha miguu, kila unyayo kama umekanyaga majivu yenye makaa. Mama aliniletea viatu vyangu vya Idi nifurahi. Miguu ikavikataa. Kijana aliyekuwa amenichumbia alituma salamu mwezi wa kwanza wa kulazwa, mwezi wa pili akatuma salamu fupi, halafu zikakoma. Nyumbani kaka yangu alichukua kikombe changu akakiweka juu ya kabati peke yake, kimefunikwa na sahani. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia. Hakuna maumivu niliyoyapata hospitali yanayofika pale kwenye kabati.

Kitanda cha pili alilala Maman Neema. Alikuwa mama wa Bukavu, mnene wa zamani, maana nguo zake zilimbaki kubwa. Miaka mingi alivuka daraja la mpakani kila asubuhi na nyanya na unga, akirudi jioni. Ugonjwa ulimkuta huku kwetu, akalazwa huku. Mwanawe wa pekee, Neema, alibaki ng'ambo akishika biashara, anakuja Jumapili.

Siku ya kwanza alinitazama nikicheka peke yangu, akasema, "Weye mutoto, unacheka nini? Hapa bantu banakufaka."

"Nacheka ili nisilie, Maman."

"Basi cheka mingi. Cheka na yangu."

Huyo ndiye aliyenilea mule ndani. Alinipaka mafuta miguuni. Nilipotapika vidonge, alishika kichwa changu huku anatukana vidonge kwa Kimashi, lugha ya kwao, na kwa jinsi alivyotukana najua vilisikia. Yeye mwenyewe vilimtesa kuliko mimi. Alikuwa anatapika mpaka nyongo. "Hizi bidonge," alikuwa anasema, "zitaniua mbele ya ugonjwa." Nami nilimsogelea nikamwimbia, nikamwahidi kwamba tukitoka nitamshonea kikwembe cha kuwafanya mapadri wasahau misa.

Mwezi wa kumi na mbili akaja Teo.

Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mrefu, mwenye miwani, amevaa koti jeupe. Kwa hiyo sote tukamwita Dokta. Hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa anasomea kazi ya kutafuta dawa mpya, na mwenyewe alituambia hivyo siku ya kwanza, lakini koti jeupe lina sauti kuliko mtu aliyemo ndani. Alitaka makohozi yetu, akafuge vijidudu vilivyomo kwenye maabara ya chuo, halafu avijaribishie vitu vya kila aina: magome, mizizi, majani. Alikuwa na fomu ya kurasa tatu. Alitusomea zote, polepole, kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya Maman Neema.

Alipokuwa anasoma, mimi nilikuwa naangalia kola ya koti lake. Ilishonwa vibaya, upande mmoja mrefu. Kwenye ukurasa wa pili kuna maneno ambayo leo nayajua kwa moyo: *Utafiti huu hautakuponya wewe. Huenda ukawasaidia wengine baada ya miaka mingi.* Siku ile yalinipita kama salamu ya mtu mwingine. Nikatia sahihi, nikamwambia, "Dokta, unatafuta majani? Bibi yangu mzaa mama yuko Bweyeye, kando ya msitu. Ana jani linakausha kidonda siku tatu."

Akaacha kukunja fomu. "Kweli?"

"Wallahi. Muulize mtu yeyote kule."

Alikwenda. Barabara ya Bweyeye wakati wa mvua mnaijua wenyewe. Alitembea sehemu kubwa kwa miguu. Bibi akamlisha viazi, akamchumia majani. Jina la jani hilo silitaji hapa. Mtu akikuuliza, mwambie Hadija amekataa.

Basi, mwezi wa kwanza mwishoni, jua la urugaryi, kile kiangazi kifupi, limekausha uwanja, Teo akarudi. Alikuja karibu anakimbia. Alinikuta nje nimekaa juani, akatoa simu akanionyesha picha.

Ilikuwa sahani ya plastiki, ndogo kama kitabu cha sala, yenye vitundu vingi vimepangwa mistari, kama vifungo kwenye kadi ya dukani. Aliniambia kila kitundu kina vijidudu vyangu, vilivyotoka kifuani mwangu mimi, na kila mstari umetiwa kitu chake cha kujaribiwa. Mwisho wanatia rangi ya buluu. Vijidudu vikiwa hai, buluu inageuka kuwa waridi. Vikiwa vimekufa, inabaki buluu.

Sahani ilikuwa waridi tupu. Mstari mmoja tu, vitundu vinne, ulikuwa buluu kama ziwa saa sita mchana.

"Ya bibi yako," Teo akasema. "Inaua, Hadija! Majani yote niliyobeba mwaka mzima, hili ndilo la kwanza linaloua!"

Aliendelea kusema. Najua aliendelea, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatembea. Alisema bado, bado sana. Alitaja majaribio mengine, chembe za mwili, panya, miaka. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali. Vijidudu vyangu. Jani la bibi yangu. Buluu. Nilijiona nimetoka mwezi unaofuata, na Bibi amepigwa picha ya gazeti.

Teo akapanda basi akarudi chuoni na furaha yake. Yangu akaniachia.

Nikampigia Mama: mwambie Bibi atume yale majani aliyompa Dokta. Sikusema ya nini, naye hakuuliza. Mama wa mgonjwa haulizi, anatuma. Baada ya siku nne yalifika ndani ya mfuko, chini ya viazi.

Maji ya moto tulipata jikoni. Themosi ilikuwa ya Maman Neema. Nikatia majani, nikafunika, tukangoja. Nilimsimulia habari ya sahani, nikamchorea vitundu kwenye vumbi la dirishani.

"Lakini ile ni bijidudu byako," akasema. "Byangu je?"

"Vyako na vyangu ni ndugu, Maman. Si tunalala chumba kimoja?"

Akanywa, akafunga macho. "Yeu! Iko chungu sawa mama-mukwe wangu."

Tukacheka mpaka tukakohoa. Nakumbuka mchana ule kama mmoja wa michana mizuri ya maisha yangu, na hilo ndilo linalonikera.

Tulikunywa asubuhi na mchana, kikombe kimoja kimoja. Mimi niliendelea na vidonge kwa kumwogopa Claudine. Maman Neema akaacha kutapika. Rangi ikamrudia kidogo, akala ugali, akaimba. Nikasema, umeona? Jani. Siku moja akaniomba nimshonee mfuko mdogo ndani ya pindo la kikwembe, wa kuweka rozari, maana ilikuwa inamdondoka. Nilishona kwa mkono, kushona kwangu kuzuri kuliko kote, huwezi kuona uzi. Wiki iliyofuata nilipokuwa namkunjia nguo, pindo lilikuwa zito. Nikapapasa. Hazikuwa shanga za rozari.

"Maman. Hivi ni vidonge."

Alinivuta mkono. "Nyamaza, mwanangu. Ninabiweka pembeni ya jino, nainua lulimi, nesi haonake. Siku kumi na ine hivi. Na uniangalie! Juu ya nini nitapike tena, na jani iko naua? Weye mwenyewe njo ulisema."

Mimi mwenyewe ndiye niliyesema. Nikalitazama lile shavu lake lililoanza kujaa. Nikamfungia pindo vizuri.

Msimu wa mvua wa itumba ulianza mapema, mwezi wa tatu mwanzoni, mvua ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani. Macho yangu yakawa ya njano. Ya Maman Neema yakawa ya njano zaidi, tumbo likamvimba upande wa kulia, na kikohozi kikarudi na damu. Claudine akaja na daktari. Walituangalia macho mmoja baada ya mwingine. Claudine akauliza, bila ukali wowote, "Mmekunywa dawa ya kienyeji? Semeni tu. Hakuna atakayewagombeza."

Maman Neema alinitazama. Mimi nikamtazama yeye.

"Hapana," nikasema.

"Hapana," naye akasema.

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika maandishi haya, kumbuka hapo. Tulikuwa tumeulizwa kwa upole, na jibu lilikuwa chini ya kitanda. Mimi niliogopa wasije wakaninyang'anya jani. Yeye, naamini, aliogopa nisije nikagombezwa.

Siku mbili baadaye aliamka akaniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Ndipo nilipokimbia na miguu yangu ya makaa mpaka chumba cha manesi nikasema yote, jani, pindo, yote. Claudine alisimama na peni mkononi. "Ungeniambia juzi," akasema. Wakajaribu kumwokoa. Maman Neema aliishi siku tano zaidi. Mara moja akili ilimrudia, akaniuliza, "Tuko buluu?" Nikamjibu, "Tuko buluu, Maman." Akafurahi.

Sijui daktari alimweleza nini Neema. Nilisikia tu neno ini. La jani lilikuwa langu kumwambia. Claudine aliniuliza, "Utamwambia?" nikasema ndiyo. Kisha Neema akaingia, kamba ya kufungia mizigo begani, macho kavu, msichana wa rika langu kabisa. Akakunja nguo za mama yake. Akafika kwenye themosi. Mengine mnayajua.

Niliachishwa jani na dawa zote kwa wiki kadhaa, macho yakarudi meupe, wakaanza tena kunipa vidonge kimoja kimoja. Mwezi wa tano nikaruhusiwa kumezea kituo cha afya karibu na nyumbani. Kikombe changu kilikuwa bado juu ya kabati. Nilikishusha mwenyewe nikanywea maji mbele ya kaka yangu, naye akaangalia pembeni.

Bibi akaja kuniona. Alikuwa ametembea, akapanda pikipiki, akafika amechoka. Nilipomsimulia alishika kichwa. "Kunywa? Nani alikuambia kunywa? Lile tunaoshea vidonda vya ng'ombe! Hata ng'ombe mwenyewe tunamzuia asilirambe!" Akalia kwa sauti. "Mngeniuliza. Si mngeniuliza tu!"

Teo naye alinitafuta. Alikuja na uso wa mtu aliyefiwa, akiwa hajui kwamba kweli kuna aliyefiwa. "Hadija, lile jani tumeliacha. Tumelijaribu kwenye chembe za ini, limeziua zote. Ndivyo ilivyo mara nyingi. Kwenye sahani hata javeli ya kung'arishia nguo inaua vijidudu. Hata moto unaua."

Nikamwambia habari ya Maman Neema. Alivua miwani akakaa chini, kwenye kizingiti chetu, na koti lake.

"Nilikuambia bado," akasema polepole.

"Uliniambia. Ulianza na *inaua*, ukamalizia na *bado*. Ungeanza na *bado*, Dokta."

Sasa akija kwa wagonjwa wapya ananiita, na fomu nasoma mimi. Naanza na ukurasa wa pili. Nikifika kwenye yale maneno nasimama, nasoma tena, halafu namwomba kila mmoja ayarudie kwa kinywa chake. Kuna wanaochukia. Kuna mmoja alicheka, kijana, alicheka kama mimi, nikamsomea mara tatu. Simkatazi mtu kutoa makohozi yake. Dawa zilizoniponya mimi nazo zilianza mahali fulani, labda kwenye sahani kama ile. Lakini sahani haina ini. Haina Neema.

Gauni la rangi ya samli sikulishona.

Mwezi wa saba nilimeza kidonge cha mwisho. Claudine alinipigia makofi, Mama akapika pilau. Kesho yake nilivuka daraja kwenda Bukavu.

Nilimkuta Neema mahali mama yake alipokuwa anauzia, anapima unga kwa kopo. Niliongea nimesimama, wateja wakinisikia, kwa sababu nilijua nikikaa nitacheka. Nilisema jani, sahani, mfuko wa pindoni, neno hapana. Nikasema haikuwa chai. Yeye hakuacha kupima. Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja, akamwaga kwenye mfuko wa mteja.

"Nilijua haiko chai," akasema. "Niko na pua."

"Sasa kwa nini hukuniuliza tena?"

"Nilikuuliza mara moja. Nilingojea useme." Akafunga mfuko. "Miezi ine niko nangojea. Kila siku ya Mungu. Nikiona muntu anatoka ku daraja na kitambaa kichwani, nasema, njo ule anakuya."

Mteja akalipa, akaondoka na unga wake.

"Alikuwa anakupenda," akasema. "Jumapili zote ilikuwa Hadija, Hadija, Hadija. Mi nilikuwa nasikia wivu." Akainama chini ya meza akatoa themosi. "Beba. Nimeiosha na majivu, nimeiosha na javeli. Harufu inakatala kutoka. Siwezi kutia kitu ya mutoto wangu ndani." Kisha akamgeukia mteja mwingine, na mimi nikaelewa kwamba yamekwisha, kwamba hatanisamehe leo, na pengine si kesho.

Nikarudi nimeikumbatia. Kwenye daraja foleni ilikuwa ndefu, akina mama na mabeseni yao, jua kali. Wiki ile walikuwa wanakagua kila mzigo. Afisa aliiona themosi, akaichukua, akaitikisa karibu na sikio. Haikulia.

"Chai?" akauliza.

"Hapana, afande. Si chai."

Akafungua, akanusa, akakunja uso. "Sasa hii ni nini?"

Nyuma yangu mama mmoja alikuwa ananisukuma na beseni niharakishe. Nikamwambia afande yote, kuanzia jani.